Okei Imetoka Wapi?

Leo tunalo neno moja dogo sana, neno la herufi mbili tu, ambalo huenda umeshalitamka tangu asubuhi bila kujua kwamba umelitamka.

Dereva wa bodaboda hulisema akitajiwa nauli inayomridhisha. Fundi simu hulisema akishabadilisha kioo na kuona mwanga umerudi. Mwalimu hulifungulia kipindi, na watu wawili wakiagana kwa simu hulirudiana mara tatu nne kabla mmoja hajakata. Karani naye hukaa na hati mezani siku nzima, ukimwuliza anakujibu: "Bado nasubiri OK ya mkubwa."

Naam, neno lenyewe ndilo hilo, OK, au kwa matamshi yetu, okei. Lina asili ya Kiingereza cha Marekani. Maswali ya leo ni mawili. La kwanza: limetoka wapi? La pili: limewezaje kufika mbali namna hii?

Tuanze na majibu yasiyo sahihi, maana ndiyo mengi na ndiyo matamu.

Liko jibu linalozunguka sana kwenye simu. Linasema kwamba askari wa Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikuwa wakirudi kambini na ubao wenye sifuri na herufi K ya killed, yaani hakuna aliyeuawa. Lipo jingine la vita hivyo hivyo, kwamba askari walikuwa wakila biskuti zilizogongwa muhuri wa mwokaji aitwaye Orrin Kendall, na herufi zake za mwanzo zikawa sifa ya kitu kizuri. Wengine humtaja karani wa reli, Obadiah Kelly, aliyetia herufi zake kwenye kila mzigo aliokwisha kuukagua. Wagiriki wanalo lao: walimu wao huandika ola kala, maana yake yote ni mema. Wapo wanaotaja bandari ya Aux Cayes kule Haiti, iliyosifika kwa pombe yake ya miwa, na wapo Waskoti wanaodai ni och aye yao iliyokatwa.

Sasa, msikilizaji, utachaguaje kati ya hadithi hizi? Kwa utamu? Hapana. Kuna chombo kimoja cha kuzipimia, nacho ni tarehe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza mwaka 1861 vikaisha mwaka 1865. Lakini neno OK limekutwa gazetini mwaka 1839, miaka 22 kabla risasi ya kwanza haijalia. Basi ubao wa askari na biskuti za Kendall vimekwisha kazi hapo hapo. Mtoto hamzai mama yake. Na zile hadithi ambazo tarehe peke yake haiwezi kuzivunja, kama ya Wagiriki na ya Haiti, zina upungufu mwingine: hakuna karatasi hata moja ya wakati ule inayomwonyesha Mmarekani akilipokea neno kutoka huko. Mfanano wa sauti si ushahidi. Lugha za dunia ni maelfu, na sauti za kinywa cha mwanadamu si nyingi kiasi hicho. Maneno kufanana kwa bahati ni jambo la kila siku.

Basi twende Boston, kaskazini mashariki mwa Marekani, mwaka 1839.

Siku hizo wahariri wa magazeti ya Boston walikuwa wamepatwa na homa ya vifupisho. Mtu akiwa amezidiwa na madeni akatorokea Texas, ambayo wakati huo ilikuwa nchi nyingine kabisa, magazeti yaliandika G.T., yaani gone to Texas, amekwenda zake Texas. Kisha mzaha ukapanda ngazi ya pili: wakaanza kufupisha maneno yaliyokosewa tahajia kwa makusudi. Badala ya all right wakaandika oll wright, wakaifupisha O.W. Na badala ya all correct, maana yake yote yako sahihi, wakaandika oll korrect. Ukichukua herufi za mwanzo unapata nini? O na K.

Hebu fikiria vijana wetu walivyokuwa wakiandika ujumbe mfupi simu za vitufe zilipoingia. Sijui iliandikwa cjui, tuko ikawa 2ko, na sawa, neno la herufi nne tu, likaandikwa xawa. Hakuna nafasi iliyookolewa pale. X ile ilikuwa mbwembwe, alama ya kwamba mwandishi ni wa mjini na anajua mchezo. K ya korrect ilikuwa vivyo hivyo. Kwetu K ni herufi ya kawaida, imejaa katika kila sentensi, lakini kwa macho ya Mwingereza na Mmarekani K mahali pa C ilionekana kituko.

Tarehe kamili ni 23 Machi 1839. Gazeti ni Boston Morning Post, na mhariri wake alikuwa Charles Gordon Greene. Alikuwa akimtania mhariri mwenzake wa mji wa Providence kuhusu msafara wa kikundi kimoja cha mzaha cha pale Boston, kilichojiita Chama cha Kupinga Upigaji wa Kengele. Greene aliandika kwamba iwapo msafara ule ungepitia Providence, bwana yule angewakaribisha vizuri na vizibo vya chupa vingeruka juu. Katikati ya utani huo akachomeka o.k., kwa herufi ndogo zenye nukta, na papo hapo akaeleza maana yake: all correct.

Neno ambalo leo linatamkwa katika kila bara lilianza hivyo, ndani ya kichekesho cha ukurasa wa pili ambacho msomaji wa leo hawezi hata kukicheka bila kuelezwa.

Aliyeyafukua haya ni nani? Ni profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, jina lake Allen Walker Read. Tumpe haki yake, kwa sababu kazi yake ni ya kupigiwa mfano. Mwaka 1941 alichapisha makala akisema kwamba OK imetokana na siasa za uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1840, na kwa ushahidi uliokuwapo ilikuwa hoja nzito. Wengi wangeishia hapo. Yeye aliendelea kufungua magazeti, safu kwa safu, mpaka akakuta kwamba neno lilikuwa limeshazaliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ule. Katika miaka ya 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala katika jarida la American Speech, akaonyesha namna vifupisho vya Boston vilivyoanza, vilivyosambaa, na namna OK ilivyopenya katikati yake. Jibu lake la mwanzo akaliweka mahali pake panapostahili, kuwa sura ya pili ya habari hii badala ya sura ya kwanza. Kati ya utani wa Greene na makala hizo ilikuwa imepita miaka 124.

Hata hivyo kuna jibu moja ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita mbio. Mtaalamu wa lugha za Afrika Magharibi, David Dalby, alitoa hoja kwamba OK huenda imetokana na Kiwolofu cha Senegal, ambamo waw ni ndiyo, na kay huongezwa kutia mkazo. Watu walionyakuliwa kutoka pwani ile wakauzwa utumwani walifika Marekani na lugha zao, na yako maandishi ya zamani yanayowanukuu wakisema kitu kinachofanana na kay au ki.

Hoja hii inagusa moyo, na ina haki ya kusikilizwa, kwa sababu mchango wa watu wale katika Kiingereza cha Marekani ulipuuzwa kwa muda mrefu na wasomi waliokuwa na uwezo wa kuutafuta. Lakini chombo chetu ni kile kile. Maandishi yale yanaonyesha mshangao au msisitizo, hayaonyeshi herufi O na K zikitumika kuidhinisha jambo, na hakuna kiungo kati yake na wahariri wa Boston waliojieleza wenyewe kwa maandishi. Kuheshimu mababu hakutuhitaji kuwapa neno ambalo ushahidi hauwapi. Wanayo mengine ambayo ushahidi unawapa: neno gumbo, mchuzi mzito wa bamia wa kusini mwa Marekani, limetokana na lugha za Kibantu za Afrika ya Kati Magharibi, jamaa wa Kiswahili chetu.

Haya, tumejua lilikozaliwa. Sasa swali la pili. O.W. ilikufa, G.T. ilikufa. OK iliponaje?

Jibu la kwanza ni siasa. Rais wa Marekani wakati ule alikuwa Martin Van Buren, mzaliwa wa kijiji cha Kinderhook katika jimbo la New York. Mwaka 1840 alikuwa akiomba kuchaguliwa tena, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo? O na K. Huko New York wakaanzisha O.K. Club, wakapita nazo mitaani herufi zile kama kibwagizo cha kampeni: mzee wetu ni OK, yaani yuko sawasawa. Wapinzani nao hawakulala. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu mwaka 1837, basi wakazigeuza herufi zile zile kuwa Out of Kash, kuishiwa fedha, kwa K ile ile ya utani.

Van Buren akashindwa na William Henry Harrison. Kampeni ikaisha, klabu zikavunjika, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. Na iko habari moja juu ya mzee huyu inayostahili kusimuliwa: nyumbani kwao Kinderhook kilizungumzwa Kiholanzi, na Kiingereza alijifunza baadaye. Yeye ndiye Rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Neno la Kiingereza linalojulikana kuliko yote likabebwa na mtu ambaye Kiingereza kwake kilikuwa lugha ya pili, kama kilivyo kwa wengi wetu tunaolitumia leo.

Jibu la pili ni uongo, na hili ni la ajabu. Wapinzani wa chama cha Van Buren walieneza kisa kwamba mtangulizi wake, Rais Andrew Jackson, alikuwa hajui kuandika vizuri, na kwamba alipoidhinisha hati alitia OK akidhani ndivyo all correct inavyoanza. Kisa kilitungwa ili kumdhalilisha mzee wa watu. Lakini kila aliyekisimulia alikuwa akifundisha matumizi mapya: kwamba OK ni alama ya kuidhinisha hati. Utani ukageuka kuwa utaratibu. Baada ya miaka kadhaa makarani walikuwa wakiitia kwenye hati halisi, na yule karani wetu wa mwanzo anayesubiri OK ya mkubwa ni mrithi wao.

Kisha ikaja mitambo. Mwaka 1844 Samuel Morse alifungua laini ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore, na miaka iliyofuata nyaya zikafuata njia za reli nchi nzima. Mpiga simu wa telegrafu alihitaji jibu fupi la kusema ujumbe umefika salama. Herufi mbili zilitosha. Kituo kwa kituo, OK ikasafiri kwa kasi ya umeme, mikononi mwa watu ambao hawakuwa na habari ya Greene wala ya Kinderhook.

Hapo ndipo asili yake iliposahaulika, na waliosahau wakaanza kubuni. Rais Woodrow Wilson, ambaye kabla ya siasa alikuwa profesa na mkuu wa chuo kikuu cha Princeton, aliamini kwamba neno hilo ni la Wachoktaw, wenyeji asilia wa Marekani, kwa hiyo hati zake aliziidhinisha kwa kuandika okeh. Mwaka 1918 Otto Heinemann akaanzisha kampuni ya santuri na kuiita Okeh. Herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa O, K, E na H, na kwenye lebo za mwanzo akaweka picha ya kichwa cha Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wenyeji hao zamani. Wimbo wa blues wa Mamie Smith, uliorekodiwa na kampuni hiyo mwaka 1920, uliuzwa sana hata ukafungua milango ya studio kwa wanamuziki wengine weusi wa Marekani. Wilson alikosea asili ya neno, lakini tahajia ile ikapata nafasi katika historia ya muziki.

Tunafika kwenye kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Apple ilikuwa ikiandaa kompyuta iliyoitwa Lisa, na wahandisi wake wakawaweka watu wa kawaida mbele ya mashine ili waone watakwama wapi. Palikuwa na kitufe cha kukubali amri, kimeandikwa Do It, fanya. Mmoja wa waliojaribu akaonekana kukereka. Alipoulizwa, akasema haelewi kwa nini mashine inamwita dolt, yaani zuzu. Kumbe katika maandishi ya kioo kile I kubwa ilifanana na l ndogo, na nafasi kati ya maneno mawili ilikuwa finyu. Wakakibadilisha kitufe, wakaandika OK. Msikilizaji, kumbuka hilo utakapobonyeza kitufe hicho leo.

Ishara ya vidole nayo, kile kiduara cha gumba na shahada, haina bahati ya neno lenyewe. Wapiga mbizi wa Mafia na Zanzibar huitumia chini ya maji kusema niko salama, kwa sababu gumba la juu kwao lina maana nyingine: tupande. Japani huweza kumaanisha fedha, Ufaransa sifuri, na Brazili ni tusi zito. Ukienda huko, itamke kwa mdomo, usiionyeshe kwa mkono.

Na sisi je? Kiswahili kilihitaji neno hili?

Ukweli ni kwamba kazi ya OK ilikuwa imeshagawanywa kwetu zamani. Kukubali ni kazi ya sawa. Kufungua jambo, kulifunga au kulisukuma mbele ni kazi ya haya: haya tuendelee, haya basi, haya kwaheri. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, yakakaa mpaka yakawa wenyeji, na hakuna Mswahili anayeyaona wageni. Okei imeingia katikati ikachukua kipande cha kila moja. Mtu wa mjini atasema "okei, tuendelee" mahali pa haya, na "okei, nimekubali" mahali pa sawa.

Lakini sikiliza vizuri salamu. Ukimwuliza mwenzako hali, akajibu poa, au nzuri, au salama, unapita na kuendelea na yako. Akijibu "niko okei tu", unasimama. Hiyo tu iliyofuata inakwambia kuna jambo. OK haisifu, inasema kitu kimefika kiwango, basi. Ndiyo maana mama aliyepika akaambiwa chakula kiko okei hafurahi, na ana haki ya kutofurahi.

Ukiiweka simu yako ya kisasa katika lugha ya Kiswahili, kile kitufe cha OK mara nyingi hugeuka kuwa Sawa. Waliochagua tafsiri hiyo walifanya vyema. Neno letu lina uzito ule ule, na bibi asiyejua herufi za kigeni halimtishi.

Wasikilizaji, kabla hatujaagana, tuna ombi. Read aliweza kutaja siku ya neno OK kwa sababu moja kubwa: magazeti ya Boston yalihifadhiwa, hata yale ya vichekesho visivyo na thamani. Sisi nasi tunayo maneno yetu yenye hadithi. Tunaambiwa daladala ilitokana na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Tunaambiwa matatu ya Kenya ilitokana na nauli ya senti kumi tatu. Hadithi hizo zina uzito, na baadhi ya wazee waliopanda magari hayo ya kwanza wako hai. Lakini karatasi ziko wapi? Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapwa Tanganyika mwaka 1923, lile la Baraza lilianza Kenya mwaka 1939, na kurasa za magazeti hayo zimejaa barua za wasomaji, matangazo na mizaha ambamo maneno mapya huonekana kwa mara ya kwanza.

Basi kama una gazeti la zamani sandukuni, au barua za babu, au daftari la hesabu za duka la miaka hiyo, usiliachie mchwa wala usilifungie maandazi. Lipeleke maktaba, au kwenye nyaraka za taifa, au chuo kikuu kilicho karibu nawe. Na wewe kijana unayesikia neno jipya mtaani wiki hii, liandike mahali, andika nani alilisema, wapi, na tarehe. Tarehe hasa usiisahau.